Kazi Yangu Iko Getini

Ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Barabara ya Lunga Lunga huwa imejaa watu wa miguu. Wanatoka Mukuru, wanatoka Sinai, wengine wametembea kutoka Donholm ili kuokoa nauli, na wote wanawahi mageti ya viwanda kabla vibarua wa siku hawajahesabiwa. Mimi pia huwa nimo. Nikifika kiwandani kwetu nawasha jiko la gesi lililo kando ya geti, nateleka sufuria ndogo isiyo na kitu ndani, na kungoja mtungi wa kwanza wa mafuta.

Cheo changu kwenye barua ya ajira ni meneja wa uzalishaji. Tunatengeneza biodizeli, yaani mafuta ya kuendeshea injini za dizeli, kutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika: ya chipsi, ya kuku, ya mandazi, ya bhajia, ya hoteli kubwa za mjini na ya vibanda vya mtaani. Mgeni akija hutaka kwanza kuuona mtambo, nami namwelewa, kwa kuwa mtambo una mabomba na geji na tangi linalong'aa. Lakini nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na mmoja, na nikiulizwa biodizeli nzuri hutengenezewa wapi, naonyesha ile sufuria.

Kemia yenyewe haina siri. Chukulia mafuta ya kupikia kama watu watatu walioshikwa mkono na mmoja aliye katikati. Watatu hao ni asidi za mafuta, wa katikati ni gliserini. Ukiyapasha moto mafuta na kuyatilia methanoli, alkoholi ya viwandani, iliyoyeyushiwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, wale watatu humwacha gliserini na kushikana na methanoli, kila mmoja na wake. Gliserini ni nzito, kwa hiyo hushuka chini ikiwa nyeusi kama molasi. Juu hubaki biodizeli, rangi yake kama ya chai ya rangi iliyokaa vizuri kwenye glasi. Lita 100 za mafuta hutaka kama lita 20 za methanoli, na hutoa karibu lita 100 za biodizeli. Unaiosha, unaikausha, unaichuja. Mwanafunzi aliyesikiliza darasani anaweza kuitengeneza kwenye chupa.

Shida huanza unapotaka kutoa lita 1,000, na kesho lita 1,000 nyingine zisizotofautiana na za leo.

Nilifika pale nikiwa na shahada yangu ya kemia na vitabu viwili. Vitabu vyote viwili vilisema nipashe moto hadi nyuzi 60, kwa sababu methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7. Nikafanya hivyo. Kila bechi ilikuwa ikitumia methanoli nyingi kuliko hesabu, na chumba kilikuwa na harufu iliyonitia hofu. Nilibadilisha vizibo vya mabomba, nikakaza nati, nikalaumu pampu. Mzee wetu wa boila, aliyekuwa ameanza kazi katika viwanda vya sabuni kabla mimi sijazaliwa, alinitazama siku tatu ndipo akasema, "Mwanangu, hata maharagwe ya huku hayaivi kama ya Mombasa. Shusha moto."

Alikuwa amesema kweli tupu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na methanoli huchemka karibu na nyuzi 60 zile zile nilizoambiwa ni salama. Vitabu vyangu viliandikwa na watu wanaoishi chini kuliko sisi. Tukashusha hadi nyuzi 55, tukaongeza muda wa kukoroga, na hesabu ya methanoli ikakaa sawa. Tangu siku hiyo sijampokea kijana yeyote kazini bila kumpeleka kwanza kukaa na mzee wa boila.

Kosa langu kubwa lilikuja mwezi wa tano. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, na dalali mmoja akaleta mitungi 40 kwa mpigo, ya lita 20 kila mmoja. Alitaka alipwe aondoke kabla barabara hazijafunga. Nilipima mitungi miwili, nikaona ni mizuri, nikapitisha yote. Jumatatu tukaimimina tangini, tukapasha moto, tukatia methanoli na kostiki. Baada ya saa moja nilichota sampuli kwenye chupa ya kioo na kuiweka dirishani. Kwa kawaida unaona mstari ukijichora, cheusi chini na cha rangi ya chai juu. Mstari haukuja. Kufikia adhuhuri tangi zima lilikuwa zito kama uji wa wimbi uliopoa.

Tulikuwa tumetengeneza sabuni. Viazi vina maji mengi, na maji hayo yakikutana na mafuta yenye moto wa nyuzi 170 au 180, siku baada ya siku, huyavunja mafuta polepole na kuziacha asidi zake zikiwa huru. Kostiki ikiingia huzikimbilia asidi hizo kwanza, na kinachozaliwa ni sabuni. Sabuni nayo hushika maji, mafuta na biodizeli pamoja, na hakuna kitakachojitenga tena. Siku mbili vijana walichota uji ule kwa beleshi. Mkurugenzi hakunigombeza. Alichukua karatasi, akaandika mbele yangu bei ya mafuta, ya methanoli, ya gesi, na mishahara ya siku hizo mbili, akanipa nisome jumla kwa sauti. Kisha akasema kuanzia kesho nitakaa getini hadi atakapokumbuka kunitoa. Alikumbuka baada ya miezi minane, na kufikia hapo mimi mwenyewe sikutaka kutoka.

Getini ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Pipeline, Embakasi, mwenye kibanda cha chipsi karibu na steji. Alikuja kwa tuktuk na mitungi miwili. Mimi nilikuwa na bureti yangu, ule mrija wa kioo wenye vipimo, na alkoholi, na kile kimiminika cha fenoftalini kinachogeuka rangi ya waridi. Unayeyusha mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za alkoholi, unadondoshea maji ya kostiki tone kwa tone, na idadi ya mililita utakazotumia hadi waridi litulie inakuambia gramu ngapi za kostiki uongeze kwa kila lita. Mafuta yanayokunywa mililita 1 au 2 ni ya kushukuru Mungu. Yanayopita 5 nayatenga. Mama alisimama akaniangalia hadi nikamaliza.

"Madam, naona asidi umeipata," akasema. "Na maji je, utayaonea wapi kwenye hiyo glasi?"

Aliomba sufuria. Akaiweka motoni ikauka kabisa, akatia kijiko kimoja cha mafuta yake. Sufuria ikanyamaza. "Sikiza. Yangu hayana maji." Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akachota kijiko kwenye mtungi wa kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Sufuria ikalia tatata kama mahindi yanayopasuka. Kijana akasogea pembeni na mtungi wake, na mama hakumtazama hata mara moja. Amekuwa akikaanga tangu akiwa msichana. Anajua kwa sikio kitu ambacho mimi ningehitaji mashine kukijua.

Sasa tuna maabara ndogo yenye vifaa vizuri, na nashukuru. Lakini kila mtungi, hata uwe wa hoteli ya nyota tano, hupita kwanza kwenye sufuria.

Kuna mafuta ambayo sufuria haiyatambui, na hayo ndiyo yaninyimayo usingizi. Nchini kwetu transfoma za umeme zimekuwa zikivunjwa na kuibiwa mafuta yake, na kwa miaka mingi tumeonywa kwamba baadhi yake huishia kwenye karai za kukaangia, kwa kuwa hayaishi upesi. Hayo ni mafuta ya madini. Hayana gliserini wala asidi za mafuta, kwa hiyo methanoli haina cha kushikana nacho. Tunayagundua mwishoni, kwa kipimo rahisi: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli. Biodizeli safi huyeyuka yote. Kikibaki kitone chini ya chupa, ama kazi yetu haikukamilika, ama mafuta yaliyoingia hayakuwa mafuta ya chakula. Ikitokea hivyo mara mbili kwa muuzaji mmoja, siishii kumkataa. Naenda hadi kibandani kwake, kwa sababu kama mafuta yale yamefika kwangu yakiwa meusi, kuna watoto wa shule waliokwisha kula chipsi zilizotoka humo.

Ndiyo maana nimekuwa nikigombana na wahasibu kila mwaka kuhusu bei ya getini. Wao wanaona takataka tunayoilipia ghali. Mimi naona kwamba mama akimaliza kukaanga Jumamosi usiku ana njia tatu. Anaweza kuyamwaga kwenye mtaro, yakagandia humo na kuziba maji ya mtaa mzima. Anaweza kumuuzia mtu atakayeyachuja kwa kitambaa na kuyarudisha sokoni kama mafuta ya kupima. Au anaweza kuniletea mimi. Nikishusha bei, najua kabisa kwamba njia ya pili ndiyo itakayopata wateja. Mafuta yale hayapotei kwa kuwa mimi sikuyanunua. Yatarudi kwenye sahani ya mtu.

Julai ina mambo yake. Mafuta mengi ya kupikia tunayotumia Kenya hutokana na mawese yanayoletwa kutoka nje, na biodizeli ya mawese huanza kuwa na ukungu kwenye nyuzi 13 hivi. Usiku wa Julai hapa Nairobi hushuka chini ya hapo. Mwenye lori anayelala Limuru ataamka akute chujio limeziba, na atanipigia simu kabla sijanywa chai. Kwa hiyo miezi ya baridi tunachanganya kidogo zaidi na dizeli ya kawaida na kumweleza mteja mapema. Basi.

Sasa niseme kuhusu methanoli, kwa maana hapa sipendi haraka.

Nimelelewa Mukuru kwa Reuben. Novemba 2000 nilikuwa darasa la tatu. Wiki moja ile, Mukuru na mitaa ya jirani, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walinusurika bila macho. Nakumbuka jirani yetu, baba wa watoto wawili niliokuwa nikicheza nao, akimuuliza mkewe saa sita mchana kwa nini taa haijawashwa. Miaka baadaye, chuoni, mwalimu alichora ubaoni jinsi ini linavyoigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ile iliyomo kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi, na jinsi asidi hiyo inavyouharibu mshipa wa jicho. Darasa zima likaandika. Mimi kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi lakini nilikuwa namwona yule baba amekaa kwenye kigoda mlangoni.

Halafu ikaja 12 Septemba 2011, Jumatatu asubuhi. Petroli ilivuja kutoka kwenye bomba, ikaingia mtaroni Sinai, watu wakakimbilia na ndoo na mitungi, na moto ukawakuta pale pale. Zaidi ya watu 100 tena. Nilikuwa chuoni mwaka wa kwanza. Moshi niliuona nikiwa ndani ya matatu. Kutoka Sinai hadi geti ninalokaa leo ni mwendo mfupi wa miguu.

Kwa hiyo naendesha mtambo wa mafuta, wenye mapipa ya methanoli, katikati ya watu walioumizwa na vyote viwili. Biodizeli yenyewe ni mpole: haishiki moto kirahisi kama dizeli ya kawaida, sembuse petroli. Methanoli ni kinyume chake. Hutoa mvuke wa kuwaka hata siku ya baridi, na mwale wake mchana hauonekani. Mtu anaweza kuukanyaga moto bila kujua. Stoo yetu ina kufuli mbili na funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili tofauti. Asubuhi na jioni tunapima kila pipa kwa kijiti, na kila lita iliyotoka lazima ionekane kwenye kitabu cha bechi.

Miaka minne iliyopita, jioni moja, kitabu na kijiti vilitofautiana kwa nusu lita. Msimamizi wa zamu aliniambia hiyo ni nusu lita tu, pengine ni mvuke. Nilisimamisha mtambo. Wateja walikuwa wakingoja, lori lilikuwa limeegeshwa nje, mkurugenzi alipiga simu mara tatu, nami nikasema hapana, hakuna anayetoka wala kinachowashwa hadi ionekane. Tuliitafuta hadi saa mbili usiku. Tukaikuta kwenye ukingo wa dirisha la choo cha wafanyakazi, ndani ya chupa ya soda. Kibarua aliyekuwa akipaka mabomba rangi alipewa kidogo wakati stoo ikiwa wazi asubuhi, aoshee brashi, akaisahau pale. Hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Nyeupe kama maji. Kwenye chupa ya soda. Pembeni ya bomba la kunawia.

Nilikaa chini kwenye ngazi nikalia, na vijana waliniona, na sikujali. Tangu kesho yake hakuna chupa ya kinywaji, ya mtu yeyote hata ya mkurugenzi, inayovuka geti la pili. Tumeweka tangi la maji ya kunywa na vikombe vya bati vyekundu. Mgeni anayelalamika namwambia sababu, na hakuna aliyewahi kulalamika mara mbili.

Watu huniuliza kama kazi hii ina mustakabali. Nchi hii imewahi kujaribu mafuta ya mimea, na mara nyingi tulianza na mtambo tukasahau kitakachoulisha. Miaka ya 1980 ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni ilichanganywa na petroli na kuuzwa hapa Nairobi. Mapema miaka ya 1990 ikaachwa. Kisha ukaja mbono kaburi, yaani jatropha, ule mti ulioambiwa unaota kwenye jangwa na kutoa dizeli. Mjomba wangu kule Makueni aling'oa sehemu ya mbaazi zake akapanda mbono. Aliambiwa wanunuzi wako njiani. Mwaka 2009 watafiti waliowatembelea wakulima wadogo walikuta mavuno haba na gharama kubwa, wakashauri upandwe kama ua wa shamba tu. Mjomba hakuhitaji ripoti. Magunia mawili ya mbegu yalikuwa bado yamekaa ghalani. Injini haikuwa na kosa. Tangu mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli ilishaendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mkulima na kuhesabu naye kilo kwa kilo kabla ya kung'oa mbaazi.

Leo Makueni hiyo hiyo ina kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2022 na kampuni ya Eni ya Italia, kinachokamua mbegu za mbarika na nyinginezo na kupeleka mafuta Ulaya yakasafishwe. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na sehemu ya mafuta ya namna hiyo. Nilifurahi kuiona habari hiyo, sitakataa. Lakini Ulaya inavyoyataka mafuta yaliyotumika, ndivyo madalali wa kuuza nje wanavyozidi kupita Eastleigh na River Road wakiokota kila mtungi, na mimi najiuliza kwa nini mafuta yaliyokaanga chipsi zetu yasiendeshe jenereta za hospitali zetu kwanza. Nalisema hili kwenye kila mkutano ninaoalikwa, na nitaendelea.

Tarehe 14 ya kila mwezi ndiyo siku yangu ndefu. Jioni hiyo mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta zitakazoanza usiku wa manane. Dizeli ikipanda, simu yangu hulia. Ikishuka, wenye malori hunisahau. Mwezi uliopita ilishuka. Nilikaa ofisini na kikokotoo hadi saa tatu, mhasibu upande wa pili wa meza, na njia moja rahisi mbele yetu: kushusha bei ya getini. Tulibishana. Mwishowe tukapunguza faida yetu wenyewe, tukaahirisha kununua pampu mpya, na bei ya mtungi ikabaki pale pale.

Niliwaandikia kina mama wote ujumbe mmoja kwamba bei haijabadilika, na kwamba malipo ni kwa M-Pesa papo hapo kama kawaida. Majibu yalianza kuingia nikiwa steji nangoja matatu. La mama wa Pipeline lilikuwa fupi: "Sawa madam. Kesho nakuja na mitungi mitatu, na jirani yangu mpya ana miwili. Ya huyo jirani usikubali kabla sijafika. Niwekee sufuria motoni."